Askari Kanzu Wanapokagua Sinema

Mtu akisifiwa na jirani yake, twasikiliza. Lakini akimwandikia jirani maneno ya kusema, kisha akaketi kati ya wasikilizaji akipiga makofi, hapo yatupasa kumwuliza anaficha nini. Ndivyo ilivyokuwa huko Marekani baina ya F.B.I., polisi wa upelelezi wa serikali, na watengeneza sinema wa Hollywood. Wengi wetu tumeziona sinema hizo, basi yafaa tuijue habari yake.

J. Edgar Hoover aliongoza idara hiyo tangu 1924 mpaka alipokufa Mei 1972. Mwaka 1959 kampuni ya Warner Bros. ilitoa sinema iitwayo The FBI Story, iliyochezwa na James Stewart, kipenzi cha watazamaji. Maofisa wa Hoover walikaa pamoja na mwongozaji, Mervyn LeRoy, picha zilipokuwa zikipigwa. Maandishi ya mchezo yalipita mezani kwao, na Hoover mwenyewe aonekana humo kitambo kidogo. Katika sinema hiyo F.B.I. yapambana na Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu waliokuwa wakivaa mashuka na kuwaua watu weusi. Mtu mweusi aliyelipa kiingilio chake aliweza kutoka akiamini kwamba amepata mlinzi.

Sasa tazameni. Tarehe 14 Mei 1961, miaka miwili tu baadaye, wasafiri weusi na weupe waliopanda basi kupinga ubaguzi walipigwa vibaya na Klan katika stesheni ya Birmingham, Alabama. F.B.I. ilikuwa na mtu wake ndani ya Klan. Ilijua mapema kwamba kipigo kimepangwa, na kwamba polisi wa mji wamekubali kuwaachia wapigaji dakika 15. Haikuwaonya wasafiri wala haikupeleka mtu wa kuwalinda. Habari ya namna hiyo ingepita wapi mezani kwa Hoover?

Baada ya sinema ikaja televisheni. Tangu 1965 hadi 1974 Wamarekani walionyeshwa mchezo wa The F.B.I. kila Jumapili usiku. Idara iliyasoma maandishi kabla, na hata wachezaji walichunguzwa kwanza. Inspekta wa mchezo huo hakosei, wala hamwonei mtu. Aprili 1968, Martin Luther King alipokwisha kuuawa Memphis, watazamaji walionyeshwa katika mchezo huo picha ya James Earl Ray, aliyekuwa akitafutwa kwa mauaji hayo, wakaombwa wasaidie akamatwe. Hawakuambiwa kwamba F.B.I. hiyo hiyo ilizisikiliza simu za King kwa siri tangu 1963, na kwamba Novemba 1964 ilimpelekea kanda ya sauti na barua isiyo na jina, barua ambayo King aliielewa kuwa yamsukuma ajiue.

Haya hayakujulikana kwa hisani ya idara. Usiku wa tarehe 8 Machi 1971 watu wachache walivunja ofisi ndogo ya F.B.I. katika mji wa Media, Pennsylvania, wakachukua majalada na kuyapeleka magazetini. Ndipo likafichuka jina la COINTELPRO, mpango ulioanza 1956 wa kuvivuruga vyama vya watu kwa barua za kughushi na fitina, na ambao mwaka 1967 uligeuzwa rasmi dhidi ya vyama vya watu weusi. Msomaji aliyepata kuwa katibu wa tawi ajua barua moja ya uwongo yaweza kufanya nini baina ya mwenyekiti na mtunza fedha. Huko Chicago ilikuwa zaidi ya barua. Mpelelezi aliyepenyezwa alichora ramani ya nyumba ya Fred Hampton, kijana wa miaka 21, kiongozi wa Black Panther. Ramani ikafika kwa polisi, nao wakamwua alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969.

Wako watakaosema kwamba polisi nao wana haki ya kueleza kazi yao. Wanayo. Na waeleze kwa majina yao, magazetini na mahakamani, wapate kuulizwa. Kuushika mkono wa mwandishi gizani ni jambo jingine.

Wala asidhani mtu kwamba mambo haya yalizikwa na Hoover. Mwaka 2011 maofisa wa C.I.A. walizungumza na mwandishi wa Zero Dark Thirty, sinema ya kusakwa kwa Osama bin Laden, wakaomba baadhi ya mambo yaondolewe, nayo yakaondolewa. Sinema ilipotoka 2012 ilimwachia mtazamaji fikira kwamba mateso ndiyo yaliyofungua njia. Desemba 2014 ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani ikasema sivyo. Sisi tuliozika watu wetu wa Nairobi na Dar es Salaam baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 tulistahili kuambiwa kweli.

Twadai jambo moja. Sinema yoyote iliyosomwa na idara ya usalama kabla ya kuonyeshwa iandikwe hivyo, kwa herufi zinazosomeka, pamoja na yale yaliyoombwa yaondolewe. Na iandikwe mwanzoni, si mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kusimama kuelekea mlangoni.