Siku za Mwisho za Itorero

Itorero, chuo cha jadi kilichowafunza vijana wa Rwanda vita, ngoma na ufasaha wa lugha, kilifufuliwa mwaka 2007. Tangu hapo vijana wengi, wakiwamo wanaosoma ng'ambo, wamepitia kambi za Gabiro na Nkumba, na sisi askari tumekuwa miongoni mwa wakufunzi wao.

Askari twapenda gwaride. Siku za mwisho zinapowadia, hutujia hamu ya kunyoosha mistari asubuhi hadi jioni ili wageni rasmi wapendezwe. Hatulibezi gwaride. Lakini kijana aliyekulia Ubelgiji aweza kufundishwa kugeuka kushoto popote duniani. Kutamka imihigo yake, yaani viapo vya ushujaa, kwa Kinyarwanda mbele ya wazee, atakuweza wapi tena akishapanda basi la kurudi Kigali?

Ndiyo maana twawasihi wakufunzi wenzetu wa jeshi na polisi: jioni za mwisho waachiwe wazee, pamoja na ngoma ya intore, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2024 miongoni mwa urithi wa utamaduni wa wanadamu. Firimbi ya kulala yaweza kungoja nusu saa.