Ritifaa Iliyojificha

Mwanafunzi wa Nyakitonto, mkoani Kigoma, aweza kunakili neno “ng’ombe” toka waraka mmoja hadi mwingine, kisha baadhi ya programu zikakana kwamba limo, ilhali yeye analiona. Asipunguziwe alama. Kompyuta haitazami sura ya herufi, husoma namba yake. Katika Unikodi ritifaa iliyonyooka ni 39, iliyopinda ni 8217; nafasi ya kawaida ni 32, isiyokatika 160. Programu nyingi za uandishi huipinda ritifaa zenyewe, bila kuulizwa!

Wengi hushauri kubandika matini tupu. Ushauri huo hautoshi: mapambo huondoka, namba hubaki. Afadhali mwanafunzi ainakili alama inayoshukiwa, aitafute, na kuibadilisha kila ilipo.