LUGHA NI CHOMBO CHA KAZI YA UUGUZI



Binti wa mwenzetu mmoja hapa Kaptembwo amemaliza masomo ya uuguzi, naye bado yu nyumbani. Ataka kwenda Ujerumani. Baba yake amekopa katika chama cha akiba ili alipe masomo ya Kijerumani huko Nairobi, na nauli, na chumba. Karo ya uuguzi alikwisha kuilipa. Sasa alipia shule ya pili.

Septemba 2024 Serikali yetu na ya Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya wafanya kazi kwenda kule. Vema. Lakini muuguzi mgeni kwa kawaida hakubaliwi kuwa muuguzi kamili mpaka ajue Kijerumani kiwango cha B2, daraja ya nne katika sita. Hata Kiingereza, ambacho twadhani twakijua, kilitushinda: mwaka 2021 Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alisema wauguzi 300 walifanya mtihani wa kwenda Uingereza, wakapita 10 tu.

Zamani kijana wa reli alifundishwa maana ya bendera na taa palepale kazini. Hakuambiwa akainunue mjini.

Twataka vyuo vya uuguzi, na vya hapa Nakuru vikiwamo, vifundishe lugha na desturi za wagonjwa ndani ya masomo yale yale, kwa karo ile ile. Wala si za Wazungu peke yao. Katika wodi zetu mama Mturukana huonyesha maumivu kwa kidole tu.

Wenye watoto katika hali hii waandikishe majina kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Barua kwa Mbunge itakwenda na majina hayo.