Wametulia Lini?

Sina ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wangu ni na hawa wasomi wetu wa Mpanda, ambao siku hizi hawalipi deni la dukani, "wana-settle". Hawapatanishi ndugu waliogombana, "wana-settle". Na mtumishi aliyehamishiwa hapa akishafungua mizigo, anapiga simu kwao kusema sasa "ame-settle". Kitenzi kimoja kinabebeshwa kulipa, kusuluhisha, kuamua, kutulia, hata tope linalotuama chini ya mtungi. Ati huo ni utajiri wa lugha! Mimi nauona uvivu, maana kila kazi hapo ina kitenzi chake, nacho hakiuzwi.

Ungekuwa uvivu tu ningenyamaza. Lakini hapa Katavi neno hilo limefanya kazi nzito zaidi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walifunguliwa makazi Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978, na Kiingereza kikasema "wame-settle". Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotumika kwa Wazungu waliojitwalia ardhi nzuri ya nyanda za juu za Kenya. Kiswahili hakikubali mchezo huo. Yule wa Kenya alilowea, ndiyo maana tukamwita mlowezi: alikuja kwa kutaka, akakaa kwa kutaka. Huyu wa Mishamo alikimbia, akapokewa, akapelekwa porini, akapewa shamba. Kila kitenzi hapo kinakulazimisha useme nani kafanya na nani kafanyiwa. "Settle" inakuacha upite.

Tena haiulizi kama moyo umetulia. Kufikia mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuwa wamekubaliwa uraia, ila walitakiwa kwanza wahamie mikoa mingine. Nani angepanda mwembe kwa hali hiyo? Baadaye mpango wa kuwahamisha uliachwa, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Hesabu mwenyewe: tangu 1973 hadi 2014 ni miaka 41, na muda wote huo Kiingereza kilikuwa kimekwisha kuwaandika kuwa wametulia.

Basi anayeniambia kwamba watu wa Katumba "wali-settle" mwaka 1973, namwomba arudie kwa Kiswahili. Walipelekwa? Walikaa? Walitulia? Achague kimoja, halafu anitajie na mwaka.