Maoni: Mtoto anayebeba bangi si mwenye bangi

Kila mara polisi wanapokamata bangi katika miji yetu ya mashariki mwa RDC, picha ni ile ile: gunia chini, kijana kando yake, kichwa ameinamisha. Mara nyingine kijana huyo ana miaka 15 tu. Mwenye gunia hayuko kwenye picha.

Kazi hii inajulikana mitaani. Mtu mzima anamwita mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa pesa, au maibobo anayelala sokoni, na kumpa kifurushi apeleke mtaa wa pili. Malipo ni franka chache, sahani ya fufu, au bangi yenyewe. Mtoto anachaguliwa kwa sababu anapita mahali ambapo mkubwa angepekuliwa, na akikamatwa hajui hata jina kamili la bosi wake. Akipoteza mzigo, anaambiwa ana deni. Hapo kuacha kunakuwa kugumu.

Sheria yetu haina giza juu ya jambo hili. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inahesabu kumtumia mtoto katika biashara ya dawa za kulevya kati ya kazi mbaya kabisa za watoto. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2001, unasema vilevile. Mtoto chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Kuanzia miaka 14 hadi kabla ya 18, kesi yake ni ya korti ya watoto, na hapaswi kufungwa pamoja na wakubwa.

Lakini kwenye kasho, mtoto anaandikwa kuwa muuzaji. Familia yenye pesa inahangaika hadi anatoka. Isiyo na kitu inamwacha humo.

Wengine watasema: tukiwaachilia, mabosi watatuma watoto wengi zaidi. Mimi naona kinyume. Mabosi wanatuma watoto kwa sababu leo hawapotezi kitu: mtoto ndiye analipa, na kesho wanapata mwingine. Mkubwa akishtakiwa kwa makosa mawili, la bangi na la kumtumia mtoto, ndipo atafikiri.

Kwa hiyo, polisi waanze na swali moja: nani alikutuma? Waliulize mbele ya mzazi au mhudumu wa jamii, bila fimbo, na wahakikishe mtoto aliyejibu analindwa. Sisi waandishi wa habari tuache kuonyesha sura za watoto hao. Na wewe mzazi, mtoto akirudi na pesa usiyojua ilikotoka, muulize kabla ya kumpiga. Huenda anatafuta mtu wa kumwambia.