Fedha za Maendeleo Chini ya Mlima Meru: Nani Anapewa, na Sharia Inasemaje?



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa Arusha. Wako wanaouza nguo Soko la Kilombero, wako waliooa na kuhamia Ngarenaro, wako waliokwenda kusoma na hawakurudi. Kwa hiyo kila halmashauri za kule zinapotangaza mikopo ya wananchi, suala moja hutufikia kwa sura mbalimbali: je, fedha zile ni za wenyeji tu, yaani Wameru, Waarusha na Wamaasai? Na kwa Muislamu, ni halali kuzichukua? Yote mawili yanahitaji maelezo, kwa sababu watu wanakosa haki yao kwa kutojua, na wengine wanabeba deni zito kwa kutojua vilevile.

Tuanze na la kabila. Tanzania haina fungu la bajeti linaloandikwa jina la kabila. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, na Katiba ya 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu kubaguliwa kwa kabila lake, pahala alipotokea au dini yake. Nchi nyingine zimekwenda njia tofauti. India ina orodha rasmi ya makabila chini ya katiba yake, na tangu miaka ya 1970 imekuwa ikiyatengea mafungu yake. Kenya haikutaja kabila, lakini Katiba yake ya 2010, ibara ya 204, imeanzisha Mfuko wa Usawazishaji unaochukua nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kwetu, fedha zinapita katika halmashauri, kisha vikundi, na katika TASAF zinakwenda kaya moja moja.

TASAF msomaji wa visiwani anaijua, kwani inafanya kazi pande zote mbili za Muungano. Ilianza mwaka 2000, na tangu awamu ya tatu ya mwaka 2012 inatoa ruzuku kwa kaya maskini. Hiyo ni ruzuku na hairudishwi. Ile inayozungumzwa sana Arusha ni nyingine, ni mikopo ya asilimia 10.

Utaratibu wake ni huu. Kila halmashauri ya Bara inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa yale yaliyokwisha kupangiwa kazi maalumu. Katika hiyo, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Zamani jambo hili lilikuwa agizo linalotekelezwa na anayetaka, tena kwa riba. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa kwa kuongezwa kifungu cha 37A: kutenga kukawa lazima, na riba ikaondolewa. Anayekopa milioni tano anarudisha milioni tano.

Mwombaji ni kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na kazi inayoeleweka. Wanachama wawe raia wa Tanzania waliotimiza miaka 18 na wasiokuwa na ajira rasmi. Mpemba anayeishi Ngarenaro ni raia kama Mmeru wa Poli. Hakuna fomu inayomuuliza ukoo wake. Kinachotakiwa ni ukaazi wake ujulikane kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na kikundi chake kipite kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, kama ambavyo huku kwetu mambo hayaendi bila ya sheha. Ambaye hajajitambulisha mtaani kwake asilaumu kabila la mtu.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba kwa vile kabila halitajwi, basi uadilifu umekamilika. Fikirini hesabu yenyewe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inafuata soko, haifuati umaskini. Kwa mfano tu, halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 30, fungu la mikopo ni bilioni 3. Jirani yake ikikusanya bilioni 3, fungu ni milioni 300. Pembezoni mwa Mlima Meru kuna halmashauri tatu: Jiji la Arusha, Wilaya ya Arusha na Wilaya ya Meru. Jiji lina mahoteli, maduka, masoko na watalii wanaopita kwenda mbugani. Wilaya mbili nyingine zina mashamba, mifugo na minada.

Na ndani ya wilaya hizo mlima wenyewe umegawa riziki. Upande wa kusini, Akeri na Nkoaranga, kuna mvua, migomba na kahawa. Ukizunguka kaskazini kwenda Ngarenanyuki na Uwiro nchi inakauka, na mkulima wa nyanya anategemea mfereji wa mto. Maji ya huko yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, nayo hugeuza meno ya watoto kuwa rangi ya kahawia, na ikizidi sana hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, kwa sababu kufuata kipimo cha dunia kungemaanisha kufunga visima na kuwaacha watu bila ya maji. Jiji la Arusha lilipata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na fedha za serikali, na Rais Samia aliuzindua Oktoba 2021. Kikundi cha kina mama wa kaskazini hakichimbi mradi wa namna hiyo kwa mkopo wa milioni tano. Kwa hiyo tusiuchukue mkopo wa kikundi kuwa ndiyo maendeleo yote. Kuna mambo ambayo ni wajibu wa dola moja kwa moja, na maji safi ni la mwanzo kati ya hayo.

Hapa inafaa kukumbuka kisa ambacho Wameru wenyewe hawajakisahau. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili ardhi igawanywe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba serikali ile haikuja na moto tu, ilikuja na fedha za maendeleo pia. Iliandaa eneo la Kingori: vichaka vilifyekwa kuondoa ndorobo, maji yakaletwa, na fidia ikaahidiwa. Wameru wakakataa. Walisema Kingori ni joto, kuna homa na maradhi ya ng'ombe, na zaidi ya hayo hakuna aliyewauliza. Wengi wakaenda kubanana kwa jamaa zao mlimani kuliko kupokea.

Kisha wakachangishana wao kwa wao. Kwa mchango huo Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa Moshi, karibu miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika huko Machi 1955. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono, lakini katika Baraza lenyewe theluthi mbili ya kura haikupatikana. Ardhi hawakuipata siku ile. Sisi tunalolitazama ni kwamba watu hawa hawakuwa wakikataa maji wala barabara. Walikataa maendeleo yaliyopangwa bila yao na kuwekwa badala ya haki yao. Ndiyo maana hadi leo, ofisa akipanda na mradi bila ya kupita kwa washili wa koo za Kimeru au malaigwanani wa Waarusha, hupokelewa kwa heshima lakini kazi haisogei. Cheo chao hakimo katika sheria ya fedha, ila ushauri wao una nguvu kuliko muhuri.

Sasa upande wa sharia. Mkopo usiokuwa na ziada ndio karadha njema ambayo dini imeihimiza, na hilo halina mgogoro. Wanaouliza hutaja shaka moja: mapato ya halmashauri yamechanganyika, ndani yake mna ushuru wa mazao na pia leseni za vileo. Wanavyuoni wengi wamejuzisha kuamiliana na mwenye mali iliyochanganyika halali na haramu, maadamu muamala wenyewe ni halali na huijui fedha ile mahsusi kuwa ni ya haramu. Mtume wetu (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) alifariki na deraya yake ikiwa rahani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri, na hali Qur-aan imewataja baadhi ya Mayahudi kwa kula riba. Anayejiepusha kwa uchamungu hatumlaumu, lakini asiwaharamishie wenzake.

Uzito wa jambo hili, kwa maoni yetu, uko katika kurudisha. Mikopo hii ilisimamishwa na serikali Aprili 2023, baada ya Mkaguzi Mkuu kuonesha fedha nyingi hazikurejeshwa na baadhi ya vikundi havikuwepo ila kwenye karatasi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kikundi cha kweli cha Usa River au Ngaramtoni kilifungiwa mlango kwa sababu ya kikundi hewa cha mahali pengine. Wako wanaosema kwamba fedha za serikali ni zetu sote, kwa hiyo asiyelipa hajamdhulumu mtu. Maneno haya yanasemwa hata na watu wa swafu ya mbele, nayo ni hatari. Mali ya umma ina haki ya watu wengi, na ukiila huna hata mmoja wa kumwendea umuombe msamaha. Tunakumbuka pia kwamba Mtume hakumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (Radhiya Allahu ‘anhu) alipolichukua deni lile juu yake.

Hilo la Abu Qatada linagusa vikundi hivi moja kwa moja, kwani wanachama hudhaminiana. Mmoja akitoroka au akifa, waliobaki wanaulizwa. Familia nyingi hazijui kama marehemu wao alikuwa na sehemu ya deni la kikundi mpaka wenzake waje matangani. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Basi kila mwanachama awe na nakala nyumbani, inayoonesha amepokea kiasi gani na amelipa kiasi gani, na mume, mke au mtoto mkubwa ajue ilipo. Mweka hazina wa kikundi asiwe ndiye peke yake mwenye daftari. Na aliyefikwa na khasara ya kweli, nyanya zimeoza au duka limeungua, aende ofisini mapema aombe muda, wala asizime simu. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inamtaka mdai ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na halmashauri ni mdai kama wadai wengine.

Mikopo ilirudi katika mwaka wa fedha 2024/25, kwa njia mbili. Halmashauri 10 ziliwekwa katika majaribio ya kutoa fedha kwa kupitia benki, na 174 zilizobaki zikatumia kamati kwa utaratibu uliokazwa. Halmashauri tatu za pembezoni mwa Meru ziliwekwa katika kundi la pili, ila jirani yao Siha, mkoani Kilimanjaro, iliwekwa katika majaribio. Ikiwa njia ya benki itaenezwa, suala litakalohitaji kuangaliwa ni ada. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilijuzisha ada ya huduma ya mkopo kwa sharti isizidi gharama halisi iliyotumika. Kinachozidi hapo ni riba, hata kikipewa jina gani. Basi anayekopa kwa njia hiyo aulize dirishani kabla ya kutia sahihi: ada hii ni shilingi ngapi, ni ya kazi gani, na je, inaongezeka mkopo ukiwa mkubwa au muda ukirefuka? Jibu alipate kwa maandishi, na kama anatia shaka atuletee tulitazame.

Wallahu a‘lam.