Mafuta ya Cherehani Si Dawa ya Feni

Wiki iliyopita nilikuwa Wote, Makueni, kwa rafiki yangu mwenye studio ndogo, na nimerudi Kitui na hasira ambayo lazima niitoe hapa.

Studio yenyewe ni chumba kimoja. Maikrofoni upande huu, kompyuta upande ule, mablanketi ukutani. Kwaya ya kanisa ilikuwa imechanga pesa kurekodi nyimbo sita. Walipomaliza wimbo wa kwanza, mama mmoja aligeuka akamwuliza rafiki yangu, "Kijana wangu, hicho kisiagi kiko nyumba gani?"

Hakukuwa na kisiagi. Ilikuwa feni ya kadi ya grafiki. Kompyuta ilikuwa inatoa video ya mteja mwingine huku kwaya ikiimba, na feni moja ya milimita 80 ilikuwa inalia kama nyuki waliochokozwa. Tulisikiliza rekodi kwa hedifoni: kila mahali palipo na ukimya kati ya mistari, vuuuuu. Wimbo ukarudiwa kompyuta ikiwa imepumzishwa, na video ya yule mteja mwingine ikalala siku mbili zaidi.

"Fundi ameitia mafuta mara tatu," rafiki yangu akasema. Mafuta gani? Ya cherehani.

Jamani. Fundi, nakuheshimu, lakini hii tabia iishe. Feni nyingi za kadi za bei ya chini hazina beringi ya gololi. Ni mhimili unaozunguka ndani ya bomba dogo lenye mafuta yake. Mafuta hayo yakikauka kwa joto, mhimili huanza kucheza na feni hunguruma. Ukitia ya cherehani, ni kweli inanyamaza. Wiki mbili. Halafu vumbi letu jekundu linakuja kukaa juu ya yale mafuta, na sasa una udongo wa kufinyanga ndani ya feni. Umelipwa mara tatu kutengeneza chungu!

Wa pili kwenye orodha ya hasira zangu ni muuza duka anayesema, "Hiyo ni sauti ya kawaida, ukitaka kimya nunua mpya." Si kawaida, na mpya italia vilevile. Kadi ya rafiki yangu ni GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, inayokula wati 75 tu. Palit waliwahi kutengeneza kadi hiyohiyo bila feni hata moja, wakaiita KalmX, mapezi ya alumini peke yake. Kwa hiyo usiniambie wati 75 haziwezi kupozwa bila kelele. Watengenezaji wanajua. Mwaka 2003 GeForce FX 5800 Ultra ilipotoka, watu waliifananisha na mashine ya kufyonza vumbi, na Nvidia wenyewe wakatengeneza video ya kujicheka.

Shida ya kwetu ni hesabu rahisi. Kadi haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoivuta. Kama katika chumba cha nyuzi 20 kule London inafika nyuzi 65, chukua kadi hiyohiyo na kazi hiyohiyo uipeleke kwenye chumba cha mabati Kibwezi mwezi wa pili, nyuzi 33, na feni ikiwa kwa kasi ileile itakaribia 78. Lakini feni haiachwi kwa kasi ileile. Programu ya kadi inatazama joto la chipu tu, haijui kwamba chumba chenyewe ni tanuri, kwa hiyo inaongeza mizunguko hadi mwisho. Mizunguko zaidi huvuta vumbi zaidi, vumbi huziba mapezi, joto hupanda, na mizunguko inaongezwa tena. Yule aliyepanga kasi ya feni hakuwahi kukaa Ukambani mwezi wa pili.

Mimi naandika programu kwa kazi, na najua kishawishi chetu: tutatue kwa programu. Punguza kasi ya feni kwa programu? Sawa, sasa kadi inachemka na kujipunguza kasi yenyewe. Safisha rekodi kwa programu? Tulijaribu. Ule mvumo ulitoka, na pamoja nao zikaenda s na sh zote za kwaya. Wakawa wanaimba kama watu waliotoka kung'olewa meno.

Dawa ni feni kubwa inayozunguka polepole. Hewa inayosukumwa hupanda kwa mizunguko, lakini hupanda kwa kipenyo mara tatu, yaani kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe. Feni ya milimita 120 kwa mizunguko 1,000 kwa dakika husogeza hewa sawa na ya milimita 80, yenye umbo lilelile, kwa mizunguko 3,375. Kwa sheria hizohizo za feni, ile kubwa ina kelele pungufu kwa kama desibeli 14. Hilo si jambo dogo, muulize yule mama.

Tulichofanya kilichukua jioni moja. Tulifungua skrubu za kifuniko cha plastiki, tukakitoa pamoja na ile feni. Tukatoa kipoza joto chenyewe, tukapiga mapezi brashi hadi yakang'aa, tukafuta pesti ya zamani iliyokuwa ngumu kama chokaa na kuweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kisha feni ya milimita 120 iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa, tukaifunga juu ya mapezi kwa zile kamba za plastiki mafundi wa stima hufungia nyaya. Umeme wake tuliuchukua kwenye pawa saplai: waya wa manjano una volti 12, mwekundu 5, na feni ikikaa kati ya hizo mbili inapata 7. Inazunguka taratibu muda wote. (Zima na uchomoe kompyuta kwanza, na upime kwa mita, usiamini rangi za waya peke yake.)

Ubaya upo. Feni ya polepole ina msukumo mdogo, kwa hiyo ukiacha mapezi yazibe haitajitetea kwa kupiga kelele, itachemka kimyakimya. Kadi sasa imekuwa nene, inameza nafasi ya soketi za jirani. Kuhusu warranti, ya kompyuta ya eksi-UK huishia mlangoni mwa duka. Na kuna watakaokuambia utoe feni kabisa kama KalmX. Hapa kwetu, ndani ya kasha lisilopitisha hewa, usijaribu. Wengine watasema uweke ya maji. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi? Najua yake hayaongezwi kila siku, lakini pampu ya bei hiyo kwa kadi ya bei hii ni kumvisha punda tai.

Kabla, kwenye kazi ya video, kadi ilikuwa nyuzi 83. Baada ya hapo, chumba kilekile, 69. Kwaya ilirudi Jumapili mchana kumalizia nyimbo tano zilizobaki, video ikiendelea kutoka. Sasa kinachosikika kwenye rekodi ni jogoo wa jirani, na huyo sina skrubu zake.

Ya kwangu hapa Kitui inaingia mwezi wa nne hivyo hivyo. Jumamosi naifungua kuipiga brashi.